Mti Ukihama Bila Kinu Chake

Pendekezo la kupanda miti inayostahimili ukame halikosi wa kuliunga mkono. Mbegu ni nyepesi, kitalu hakihitaji eneo kubwa, miche huhesabika, na idadi yake huandikika vizuri katika taarifa ya halmashauri. Jambo ambalo kwa kawaida haliulizwi ni nani atakayekula kinachozaliwa na mti huo, atakiandaa kwa chombo gani, na atakihifadhi wapi hadi msimu mwingine. Kwa sisi wa Lindi na Mtwara, ambao kwa sehemu kubwa tunaishi kwa mti mmoja uliotoka ng'ambo, swali hilo lina uzito kuliko linavyoonekana, na mahali pazuri pa kuanza kulijibu ni mbali sana na hapa: jangwa la Sonora, linaloenea kutoka kusini mwa jimbo la Arizona nchini Marekani hadi kaskazini-magharibi mwa Meksiko.

Huko huota mti wa jamii ya kunde uitwao mesikite. Una kimo cha wastani, miiba, na vijani vidogovidogo vilivyopangika pande mbili za kikonyo namna ya vile vya mkwaju. Mizizi yake inasifika kwa kuyafuata maji chini sana; mwaka 1960 mzizi uliotambuliwa kuwa wa mti huo ulikutwa kwenye kina cha mita 53 katika mgodi wa wazi karibu na mji wa Tucson. Bakteria waishio kwenye mizizi hiyo huurutubisha udongo kwa naitrojeni, na mimea michanga hupata nafuu ya jua chini ya kivuli chake. Ifikapo mwezi Juni, wakati nchi imekauka na mvua za Julai bado hazijaanza, matawi yake huning'iniza maganda marefu yenye rangi ya nyasi kavu. Mbegu zilizomo ni ngumu mno na si rahisi kuliwa. Chakula kimo katika nyama kavu inayozizunguka, ambayo sukari yake katika aina nyingine hupita asilimia 30 ya uzito.

Waliojua kukitoa chakula hicho ni wenyeji wa jangwa lenyewe: Wa-O'odham wa Arizona na Sonora, Waseri wa pwani ya Sonora, Waquechan na Wamojave wa kandokando ya Mto Colorado, na Wacahuilla wa California. Namna yao ya kufanya kazi inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndiyo sehemu ya habari za mti huu ambayo haimo ndani ya mbegu. Mti haukuchumwa kwa kuwa tu umezaa. Mwanamke alivunja kipande cha ganda, akakitafuna, na akikikuta kina uchungu au ukakasi aliuacha mti huo akaenda kwenye mwingine, kwa kuwa miti miwili iliyosimama bega kwa bega inaweza kutofautiana kabisa kwa utamu. Wakati nao ulikuwa na sheria zake. Maganda yaliyonyeshewa huweza kuota ukungu unaozalisha sumukuvu, sumu ileile inayotutesa sisi kwenye karanga na mahindi, na ndiyo maana mavuno salama ni yale yanayotangulia mvua. Halafu kulikuwa na fukusi, mdudu atagaye katika maganda yangali mtini na kuyatoboa yakiwa ghalani. Dawa yake ilikuwa kuyakaanga maganda kwa makaa ya moto ndani ya ungo, yakirushwa na kudakwa bila kutulia, hadi yakauke na kilichomo ndani kife.

Ndipo kilipokuja kinu. Vinu vingine vilitobolewa kwenye mwamba, vingine vilichongwa kwenye gogo, na mchi ukawa wa jiwe refu au wa mti. Ganda lililokauka vizuri hupasuka bila ubishi, nyama yake ikawa unga wa manjano wenye harufu tamu, na vikokwa vilivyofunika mbegu, ambavyo haviwezi kuvunjwa kwa mapigo ya kawaida, vikapepetwa kando. Unga huo haukulazimu moto. Ulinyunyiziwa maji na kushindiliwa tabaka juu ya tabaka ndani ya chungu, ukaachwa ukauke na kuwa bonge gumu. Msafiri alikata kipande akatafuna njiani, au alikiloweka akapata kinywaji. Maganda yasiyotwangwa yaliwekwa katika maghala makubwa yaliyosukwa kwa fito, juu ya mapaa au juu ya ulingo, yakingojea mwaka mbaya. Katika nchi ambayo shamba la mahindi lingeweza kukosa mvua tangu kupandwa hadi kuvunwa, mavuno ya mti unaokunywa maji ya chini kabisa ndiyo yaliyokuwa bima.

Matumizi mengine nayataja kwa haraka. Utomvu mweusi ulikuwa rangi ya kuchorea vyungu na kupakia nywele, utomvu mwepesi ulisafisha macho yanayouma, gome lilitoa kamba na vifaa vya kusukia vikapu, na mti wenyewe, mgumu na mzito, ukawa nguzo, kuni na makaa. Jamaa wa mti huo huko Peru hutoa shira nyeusi iitwayo algarrobina, na kaskazini mwa Argentina unga wake hufanywa mkate mkavu uitwao patay. Katika jangwa la Rajasthan nchini India, maganda mabichi ya mti wa khejri, jamaa mwingine wa mesikite, hukaushwa na kuhifadhiwa kuwa mboga ya mwaka mzima. Mwaka 1730, kwa kumbukumbu za Wabishnoi, jumuiya ya kidini ya huko, watu 363 waliuawa katika kijiji cha Khejarli wakiikumbatia miti hiyo ili askari wa mtawala wa Jodhpur wasiikate. Imani yao ya dini ndiyo iliyowasimamisha, hilo halina shaka, lakini nasita kuamini kwamba imani hiyo ingejikita hivyo kwenye mti usioingia jikoni.

Sasa tuje karibu na kwetu. Mmoja wa ndugu za mesikite, ambao wataalamu wa mimea wameuita kwa miaka mingi Prosopis juliflora na Wakenya wanauita mathenge, uliletwa Mombasa mwaka 1973 kwa ajili ya kuotesha miti kwenye machimbo ya mawe ya Bamburi. Katika miaka ya 1980 ukapandwa Baringo, katika Bonde la Ufa, chini ya mradi wa kuni uliosaidiwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Sababu zilizotolewa zilikuwa za kweli zote. Mti ulistahimili ukame, ulizuia vumbi, ulitoa kuni katika nchi iliyoanza kubaki wazi. Mwaka 2006 wakazi wa jamii ya Wailchamus, waishio kando ya Ziwa Baringo, walikwenda Mahakama Kuu jijini Nairobi kuishtaki serikali yao kwa sababu ya mti huohuo, na mbuzi asiye na meno alipelekwa mahakamani awe kielelezo. Maganda matamu yanayoliwa peke yake, siku nenda siku rudi, hunasa kwenye meno ya mbuzi na kuyaozesha. Mwaka 2008 Kenya iliutangaza rasmi kuwa gugu haribifu.

Kilichotokea kati ya tarehe hizo kinaelezeka kwa urahisi. Maganda yalianguka na hapakuwa na mtu wa kuyaokota, kwa kuwa hakuna aliyewahi kula kitu hicho wala kumwona anayekila. Mifugo iliyaokota. Mbegu ngumu ilipita katika matumbo ya ng'ombe na mbuzi bila kudhurika, ikatoka imelainika kidogo na imezungukwa na samadi, ikaota popote mnyama alipopita kwenda kunywa maji. Malisho yakageuka vichaka vya miiba visivyopenyeka. Mti ulikuwa umehama, na waliouhamisha walichukua mbegu peke yake: ulimi wa kuchagua mti mtamu, ungo wa makaa, kinu na ghala vilibaki ng'ambo.

Nisiurahisishe ukweli kuliko ulivyo. Hata nyumbani kwake mesikite umegeuka kero. Wafugaji wa Texas wamekuwa wakiung'oa kwa matrekta na kuupulizia dawa kwa miongo mingi, baada ya makundi makubwa ya ng'ombe kuusambaza katika mbuga ambazo zamani moto wa nyasi uliudhibiti. Kwa hiyo kinu peke yake hakizuii mti kuenea. Lakini tazama ni akina nani wanaoulalamikia huko: ni wenye ng'ombe, ambao kwao ganda si chakula cha binadamu. Tazama pia nafuu iliyokuja kupatikana Kenya. Baadhi ya vikundi vilianza kuyasaga maganda kwa mashine yawe chakula cha mifugo, na mashine, tofauti na tumbo la mbuzi, huivunja mbegu ikafa. Chombo kilichopaswa kufika pamoja na mche kilifika baada ya zaidi ya miaka 20, na kikaanza kupunguza madhara ya kutokuwapo kwake.

Lindi na Mtwara si jangwa. Mvua yetu kwa mwaka huzungukia milimita 1,000, ila huja yote kati ya Novemba au Desemba na Mei, na miezi inayobaki ni kiangazi kitupu. Kwenye uwanda wa juu wa Makonde, kuanzia Newala hadi Tandahimba, maji ya mvua huzama mchangani na vizazi vingi vimeyafuata mabondeni. Isitoshe, hali ya mifugo imebadilika. Wafugaji walioondolewa katika bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007 walielekezwa kwa wingi mkoani Lindi, na leo ng'ombe wanapita katika nchi ambayo wazee wake waliwajua zaidi mbuzi na kuku. Nchi yenye kiangazi kirefu, mapori ya wazi na ng'ombe wanaotembea ni nchi ambayo mathenge ungeipenda mno. Msimamo wangu juu ya kuuleta mti huo hapa ni wa neno moja, hapana, hata kama atakayeuleta atakuja na takwimu za hewa ya ukaa.

Ila sijaandika yote haya kwa ajili ya kukataa mti ambao hakuna aliyetuletea bado. Nimeandika kwa sababu tunao mti wetu uliohama bila kinu, nao ni mkorosho. Wareno waliutoa Brazili wakauleta pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 16, na kwa wenyeji wa Brazili tunda lake lenye maji, ambalo sisi tunaliita bibo, lilikuwa chakula na kinywaji sawa na mbegu yake. Hadi leo kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo bibo hukamuliwa, ukakasi wake ukaondolewa, na maji yake yakachujwa na kuchemshwa kwenye chupa yawe kinywaji cha kuheshimika kiitwacho cajuína. Nenda katika shamba lolote la Masasi au Tandahimba mwezi Oktoba utazame chini ya mikorosho. Bibo lina uzito mara kadhaa ya korosho iliyoning'inia chini yake, na vitamini C yake inayazidi machungwa kwa mbali, lakini mkulima anapindua mkono, anaitoa korosho, na bibo linarudi mchangani, ambapo kesho yake litakuwa limeanza kuchacha na kuita nzi.

Haki itendeke: watu wa Kusini hawakukaa bure. Walijua kulikamua bibo wakapata uraka, na kulikausha likawa kochoko ya kuweka. Hayo ndiyo yaliyotoka kwa wananchi wenyewe bila mradi wa mtu, na yametazamwa na wakubwa kwa jicho la kando, kwa kuwa uraka ni pombe na pombe ya kienyeji, tofauti na ya kiwandani, huonekana ni tatizo la polisi. Sijui kwa nini ujuzi wa kuchachua tunda ushughulikiwe na mgambo badala ya mtaalamu wa vyakula.

Upande wa mbegu kinu kiko mbali zaidi. Sehemu kubwa ya korosho zetu husafirishwa ghafi kwenda kubanguliwa India na Vietnam. Viwanda vilijengwa nchini katika miaka ya 1970, lakini uzalishaji, uliokuwa umefikia tani 145,000 katika msimu wa 1973/74, ulikuwa umeanza kuporomoka: watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa wakaiacha mikorosho nyuma, bei ilikatisha tamaa, na ugonjwa wa ubwiriunga ukamalizia. Mashine zilikaa bila malighafi. Uzalishaji umekwisha kuinuka tena, tena kwa kishindo, na bado tunapopongezana kwa tani zilizouzwa mnadani tunahesabu mti kwa kile kinachoondoka. Mwenye kutilia shaka hesabu ya namna hiyo na aende Nachingwea, ambako Waingereza kati ya 1947 na 1951 walifyeka pori kwa matrekta wapande karanga kwa kipimo cha hekta, wakajenga hadi reli, huku udongo na mvua ya mahali hapo havijafanyiwa majaribio ya kutosha. Karanga ilikuwa ikilimwa na wenyeji kwa jembe la mkono, wala hawakuulizwa.

Mti ambao kinu chake bado kipo hapa ni mkwaju. Ni jamii moja ya kunde na mesikite, huzaa ganda lenye nyama inayoliwa, hukomaza matunda yake katikati ya kiangazi, na ni mwenyeji wa Afrika ambaye hakuna haja ya kumwombea kibali. Kuanzia Kilwa hadi Mikindani ujuzi wake haujapotea. Ganda hubomolewa kwa vidole likiwa kavu, nyuzi huvutwa kuanzia kwenye kikonyo kuelekea ncha ili zitoke nzima, ukwaju hushikanishwa kwa chumvi kidogo na kuwa donge linaloweza kukaa mwaka bila kuharibika. Donge hilo ndilo linaloingia kwenye mchuzi wa samaki, kwenye uji, kwenye maji ya kunywa ya mgonjwa na ya mfungaji wakati wa futari. Kokwa hutupwa. Nchini India kokwa hizohizo husagwa kuwa unga unaotumika viwandani kukazia nyuzi za nguo na kuzitia uzito bidhaa za vyakula, lakini hapa kwetu watoto huzichezea bao na kinachobaki kinafagiliwa.

Na pamoja na hayo yote mkwaju hauonekani sana katika vitalu. Unaohamasishwa ni mti unaokua haraka, kwa kuwa aliyeupanda anataka kupigwa nao picha akiwa bado ofisini. Mkwaju uliopandwa kwa mbegu unaweza kuchukua miaka 7 au zaidi kabla ya kuzaa, kisha ukaishi kuliko yeyote aliyehudhuria sherehe ya kuupanda. Wakati huohuo mchoma mkaa anaupenda, kwa kuwa mkaa wake ni mzito, na mkwaju wa porini hauna mwenyewe wa kuutetea. Kwa hesabu za sasa gunia la mkaa linaonekana lina faida kuliko mavuno ya miaka 50, kwa sababu gunia lina bei iliyo wazi na mnunuzi aliye barabarani, ilhali ukwaju husubiri mtu wa kuumenya.

Hapo kuna hoja dhidi yangu ambayo siwezi kuiruka. Kinu ninachokisifu kina mikono, na mikono hiyo ni ya wanawake. Kumenya ukwaju, kutoa nyuzi, kutwanga, kupepeta na kukausha ni saa nyingi zisizolipwa, na binti wa Newala aliyeacha kazi hiyo akafungua duka la simu hajakosea lolote. Ujuzi wa asili hauwezi kudaiwa kwa watu wasiopata kitu kwa kuutunza. Jibu naliona Tucson tena. Huko kwa miaka mingi sasa mashine ya kusaga iliyofungwa kwenye trela huzungushwa mitaani msimu wa maganda, na mwenye ndoo zake huja, husagiwa kwa dakika chache kile ambacho zamani kilikula siku nzima, akaondoka na unga. Mwaka 2015 Unesco iliutambua mji huo kuwa mji wa ubunifu katika mapishi, na vyakula vya jangwani vya wenyeji, mesikite ukiwa mmojawapo, vilikuwa sehemu kubwa ya sababu. Mashine za kusaga hatujazikosa. Ziko karibu kila kijiji kwa ajili ya mahindi na muhogo. Tusichonacho ni mashine ndogo ya kutenganisha ukwaju na kokwa, ghala kavu kwa ajili ya donge, na chama cha msingi kinachoukubali ukwaju kwenye mizani yake jinsi kinavyokubali korosho, ufuta na mbaazi.

Kuhusu miaka ya kusubiri, mkulima wa Kusini ana ujuzi ambao wa Baringo hakuwa nao. Kwa msukumo wa watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, vijiji vyetu vimejifunza kubebesha mikorosho, na wapo vijana wanaojua kukata kikonyo cha mti mama na kukifunga kwenye mche kikashika. Mkwaju nao hukubali kubebeshwa, na mche wake ulioshika unaweza kuanza kuzaa baada ya miaka 3 au 4. Kazi inayotangulia ni kuichagua miti mama, na hiyo haihitaji mashine. Mwezi Agosti, maganda yakiwa yamekauka mtini, wanawake wanaouza ukwaju sokoni Lindi na Mtwara wapelekwe na afisa kilimo kwenye mikwaju ya Rondo, Mchinga na Mikindani, waionje mmoja baada ya mwingine, waseme upi una nyama nene, upi una nyuzi chache na upi uachwe. Walipwe posho ya siku sawa na mtaalamu mwingine yeyote, na miti watakayoichagua iwekwe alama na kuandikwa katika rejista ya kijiji kabla mwenye shoka hajaifikia.